Benzi la Dizeli Linasingiziwa Mengi

Mtu akisema kijiweni kwamba anataka kununua Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1983, ushauri humiminika kabla hajamaliza kusema. Wa kwanza atamwambia linakunywa mafuta. Wa pili atamwambia spea zake zilishakwisha. Wa tatu atamwambia linafukiza moshi mtaa mzima. Na hakosi mpenzi wa magari haya, ambaye naye humtia moyo kwa maneno yasiyo ya kweli vilevile: kwamba injini yake haifi, na kwamba ukikwama unaweza kuitilia hata mafuta yaliyokaangiwa chipsi.

Mimi ni mtetezi wa magari haya. Nimeyaendesha, nimelala chini yake juu ya mkeka nikiwa na tochi mdomoni, nimesafiri na watoto wangu ndani yake. Ndiyo maana sipendi yasingiziwe, na sipendi pia yasifiwe kwa uongo. Tuhuma zipimwe moja moja. Nyingi hazina mguu wa kusimamia, nyingine ni kweli nusu, na iko moja ambayo ni kweli na hatuna budi kuikubali.

Gari lenyewe ni lile ambalo kiwandani lilipewa jina la W123. Lilianza kuuzwa mapema mwaka 1976 na kuundwa kwake kukakoma mapema mwaka 1986, na katika muda huo yalitoka takribani magari milioni 2.7, ukijumlisha steshenwageni na yale ya milango miwili. Ya dizeli yalikuwa 200D, 220D, 240D na 300D. Kwetu tuliyaona kwanza kwenye ofisi za serikali, mashirika ya umma, balozi na misheni, kisha yakashuka mkono hadi mkono. Ujerumani yalikuwa teksi za kawaida kabisa, na Morocco 240D ilibeba abiria mji hadi mji kwa miongo. Anayeliona kama gari la anasa lililochakaa ameanza vibaya hesabu yake. Hili liliundwa kuwa gari la kazi, la mtu anayehesabu gharama ya kila kilomita.

"Linakunywa mafuta"

Hapana. Injini ya 240D ina ujazo wa lita 2.4 na nguvu za farasi 72. Zilizotoka kabla ya mwaka 1978 zilikuwa na 65 tu. Likiwa zima, kwenye barabara kuu kwa mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa, hutumia lita 8 hadi 9 kwa kilomita 100. Mjini kwenye foleni hufika 10 au 11. Hilo ni gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,300 likiwa tupu, linalopakia watu watano na mizigo ya familia nzima kwenye buti. Vitz italishinda mjini, na sibishi. Lakini lipambanishe na gari la petroli la rika lake na uzito wake, uone nani atarudi kituoni mapema.

Sababu zinajulikana. Lita moja ya dizeli huizidi lita ya petroli kwa nishati, kwa zaidi ya asilimia 10. Injini hii hubana hewa hadi sehemu moja ya 21 ya ujazo wake, wakati injini nyingi za petroli za enzi hizo zilibana mara 8 au 9, na kadiri unavyobana zaidi ndivyo unavyopata kazi zaidi kutoka kwa tone lilelile. Tena likiwa limesimama kwenye sailensa linatumia kidogo sana, jambo ambalo madereva teksi walilijua muda mrefu kabla ya sisi kuanza kubishana.

Ukikuta 240D inayotumia lita 14, hiyo ni mgonjwa. Huenda kalipa ya breki imeganda na gurudumu linaburuzwa. Huenda nozeli zinatiririsha badala ya kupuliza. Au huenda mtu ametoa thamostati, na hapa nitakaa kidogo.

"Nchi yetu ni ya joto, toa thamostati"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na umezeesha injini nyingi kabla ya wakati wake. Nimeusikia Dar, nimeusikia Morogoro, na magari kadhaa niliyoyakagua yalikuwa yameshafanyiwa hivyo bila mwenye gari kujua.

Thamostati ya injini hii ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta na kuacha wazi njia ya mkato, ili maji yazunguke ndani ya injini tu yapate moto upesi. Joto likifika kama nyuzi 80, hufungua njia ya rejeta na wakati huohuo huziba ile njia ya mkato. Hiyo kazi ya pili ndiyo inayosahaulika. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inarudi kwenye injini ikiwa na moto wake, bila kuonana na rejeta.

Matokeo yake ni ya ajabu kwa asiyejua. Barabara tambarare ya Chalinze, sindano inakaa chini kabisa, mwenye gari anafurahi. Kumbe injini inafanya kazi ikiwa baridi: mafuta hayaungui vizuri, masizi yanajaa kwenye vyumba vya mwako, oili inachafuka haraka na dizeli inatumika zaidi. Siku akipanda Kitonga na familia na magunia mawili ya vitunguu, sindano inapanda hadi kwenye nyekundu, kwa sababu pale rejeta inapohitaji maji yote, inapata sehemu tu. Anashuka, anafungua boneti, anaambiwa gari limekwisha.

Gari halijaisha. Kama lilikuwa linachemsha tangu mwanzo, kuna kitu kilikuwa kinalichemsha: rejeta iliyojaa magadi kwa sababu ya kutiliwa maji ya kisima miaka nenda rudi, mfuniko wa rejeta usiobana tena, feni inayoteleza, au pampu ya maji iliyochoka. Safisha rejeta, badilisha mfuniko, tia kulanti, rudisha thamostati mpya. Silinda hedi ya injini hii ni ya chuma cha kutupwa, nayo huvumilia makosa ambayo yangepasua hedi za aluminiamu za miaka iliyofuata, lakini uvumilivu wake una mwisho.

"Spea hazipatikani"

Anayesema hivi aulizwe: spea ipi? Maana jibu hubadilika.

Za injini zipo. Injini hii, ambayo namba yake ni OM616, haikufungwa kwenye saluni peke yake. Ilikuwa kwenye vani za Mercedes 207D na 307D, ilikuwa kwenye jipu la 240GD, na India kampuni ya Bajaj Tempo iliitengeneza kwa leseni kwa miaka mingi na kuifunga kwenye magari yake ya biashara. Injini iliyofanya kazi nyingi hivyo duniani haikosi ringi, gasketi wala beringi. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Nairobi ukaingia Kirinyaga Road, utapata watu wanaoijua kwa namba. Mercedes yenyewe ilifungua kituo cha magari yake ya zamani huko Fellbach, karibu na Stuttgart, mwaka 1993, na hadi leo huuza vipuri vya W123.

Nenda dukani na namba ya spea. Namba inayoanza na 123 ni ya gari lenyewe. Inayoanza na 615, 616 au 617 ni ya familia ya injini hizi, na nyingi huingiliana, kwa hiyo usishangae kukuta spea yenye namba ya 615 kwenye injini ya 616. Kinachotutesa sisi ni spea feki. Filta ya bei ya chini inayofanana kwa rangi na ile halisi inaweza kuruhusu uchafu kufika kwenye pampu, na pampu ndiyo kitu kimoja kwenye gari hili ambacho sitaki mtu akifanyie majaribio.

Zinazosumbua kweli ni zile zisizohusu mwendo. Dashibodi isiyopasuka kwa jua, raba za vioo, urembo wa kromu, vioo vya taa za nyuma visivyofifia: hivyo vitakuchukua muda, na pengine utaviagiza Ulaya kwa bei isiyopendeza. Basi tuhuma iwekwe sawa. Gari litatembea, ila kulirudishia sura yake ya ujana ni shughuli nyingine kabisa, na mtu asiingie huko akidhani ni kazi ya wiki mbili.

Tena linganisha na dizeli za leo. Tangu mwaka 1997 magari madogo yalipoanza kutumia mfumo wa reli moja ya mafuta, injekta zimekuwa zikifanya kazi kwa msukumo wa zaidi ya bar 1,300, na baadaye zaidi ya bar 2,000, huku kompyuta ikiziamrisha. Nozeli ya 240D hufunguka kwa bar 115 hivi. Fundi pampu huifunga kwenye kipimo chake cha mkono, anavuta mpini, anatazama ukungu wa dizeli unavyotoka, na anaona kwa macho yake kama inapuliza au inadondosha. Injekta mbovu ya gari la kisasa humwachia mwenye gari bili inayoweza kumfanya auze gari. Hii humwachia kazi ya asubuhi moja.

"Lina kilomita nyingi mno"

Mwaka 2004 dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis wa Thessaloniki, aliikabidhi Mercedes-Benz gari lake la 240D la mwaka 1976 likiwa limetembea kilomita milioni 4.6. Lilikuwa toleo lililotangulia W123, lenye injini ya ukoo huohuo. Wapenzi wa magari haya hulitaja sana, na mara nyingi husahau kusema kwamba hakufika huko na injini moja: alikuwa na injini za kubadilishana, akifunga moja huku nyingine ikitengenezwa. Kwangu simulizi hiyo haipungui thamani kwa kusemwa yote. Inaonyesha kwamba gari hili hutengenezeka bila mwisho, mradi mwenyewe awepo.

Kwa mnunuzi, namba iliyo kwenye odomita ya W123 haina maana kubwa. Gia zake ndogo huharibika, odomita husimama na gari linaendelea na safari zake bila kuhesabiwa. Ukiona kilomita 180,000 kwenye gari la miaka 40, usiziamini wala usizikatae. Tumia macho na masikio.

Fika asubuhi na mapema, na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa injini kwa mkono; ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Geuza ufunguo, subiri taa ya hita plagi izime, piga starta. Injini yenye kompresheni nzuri hushika upesi, ikatetemeka kidogo, ikatulia. Ikihitaji kuzungushwa sana, hita plagi zinaweza kuwa mbovu, na hilo ni dogo. Au tapeti zimebana, na hilo nalo ni dogo. Au kompresheni imekwisha, na hilo ni kubwa. Ikishapata moto, fungua mfuniko wa oili juu ya injini, ugeuze juu chini, uulaze palepale kwenye tundu lake. Ukitikisika tu, ringi bado zinafanya kazi. Ukirukaruka na kutupwa pembeni, gesi ya mwako inapita kwenye ringi na kushuka kwenye krenki. Shukuru, aga, ondoka.

Vuta pia kijiti cha oili. Itakuwa nyeusi, na atatokea mtu wa kukuambia kwamba hiyo ni dalili ya injini mbovu. Si kweli. Oili ya dizeli ya aina hii huwa nyeusi ndani ya siku chache baada ya kubadilishwa, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Kinachotakiwa ni kuibadilisha kwa wakati. Mimi sivuki kilomita 5,000, na injini inachukua zaidi ya lita 6, kwa hiyo bajeti yake iwe tayari.

Halafu acha injini, lala chini. Kwa magari yaliyokaa Tanga, Dar, Mombasa au Unguja, kinachoua W123 ni kutu. Tazama sehemu za kuwekea jeki, sakafu chini ya mazulia, kitako cha betri, na kingo za kioo cha mbele. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize sauti. Injini inaweza kufunguliwa na kufungwa upya; bodi iliyooza sehemu za jeki itakula fedha kila mwaka, na nimeona watu wakipiga rangi nzuri juu ya maboksi na fiba.

"Injini hii haifi, na hula chochote"

Huu ni uongo wa marafiki, nao ni hatari kuliko wa maadui kwa sababu humfikia mtu akiwa ameshanunua gari.

Chanzo chake kinaeleweka. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Na kitabu cha W123 chenyewe kiliruhusu kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli wakati wa baridi kali ya Ulaya, ili dizeli isigande kwenye tangi. Watu wakachukua ruhusa ya barafu ya Ulaya wakaileta Tabora mwezi wa Oktoba.

Mafuta ya taa ni mepesi, na hayalainishi kama dizeli. Pampu ya Bosch ya gari hili ina vyuma vilivyosuguliwa kwa usahihi mkubwa mno, na ingawa sehemu yake ya chini hulainishwa na oili ya injini, vile vyuma vya juu hutegemea mafuta yenyewe. Ukiyapunguza uzito, unavisaga. Mafuta ya kupikia yana ubaya wa upande mwingine: ni mazito, hayapulizwi vizuri yakiwa baridi, huacha ukoko kwenye nozeli na gundi kwenye pampu. Wapo waliofunga matangi mawili na vipasha moto wakafanikiwa, lakini hao walifanya kazi ya ufundi, hawakumimina kidumu cha jikoni.

Uchakachuaji nao si jambo la kufikirika. Ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na ndiyo sababu Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Chagua kituo chenye wateja wengi, kinachouza haraka, na ubaki nacho.

"Ni kobe"

Ni kweli linakwenda taratibu. 240D huchukua zaidi ya sekunde 20 kufika kilomita 100 kwa saa, na mwisho wake ni 143. Anayetaka kupita malori matatu kwa mpigo akiwa amebakiza mita chache, asinunue. Anayeendesha kwa kilomita 80, ambao ndio mwendo wa barabara zetu nyingi kati ya vijiji na matuta, atafika pamoja na wenzake, akiwa hajachoka mgongo. Springi zake ni ndefu na laini, na viti vyake vina springi za chuma chini na matandiko ya nyuzi za asili zilizoshikizwa kwa mpira, zikiwemo za makumbi ya nazi. Nimekaa kwenye viti vya magari ya mwaka juzi vilivyoniumiza kabla ya kufika Segera.

"Si salama"

Kwa wakati wake lilikuwa miongoni mwa magari salama zaidi. Kibanda cha abiria kilijengwa kigumu na pande za mbele na nyuma zikaachwa zijikunje kupunguza kishindo, wazo la mhandisi Béla Barényi ambalo kampuni hiyo ilianza kuliunda kwenye magari yake mwaka 1959. Breki ni za diski kwenye magurudumu yote manne. Breki za ABS ziliweza kuagizwa kuanzia mwaka 1980, na mfuko wa hewa wa dereva kuanzia 1982.

Lakini mengi yaliyofika kwetu hayana ABS wala mfuko wa hewa, na gari jipya lililopimwa kwa viwango vya leo litakulinda zaidi kwenye ajali. Hilo nalisema wazi kwa kila anayeniuliza. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha mikanda ya kiti cha nyuma ipo na watoto wanaifunga, matairi si ya zamani, na mabomba ya raba ya breki yamebadilishwa. Raba za breki za miaka 30 huvimba ndani na kufunga gurudumu moja, na gari la uzito huu likivuta upande mmoja kwenye mteremko hakuna ustadi utakaokuokoa.

"Linachafua hewa"

Hii ndiyo tuhuma niliyosema ni ya kweli. Gari hili halina chujio la masizi wala kifaa chochote cha kusafisha moshi. Mwezi Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hakuna mapenzi ya gari yanayofuta hilo.

Yapo mawili ya kuongeza, na hayaliondoi doa. La kwanza, mafuta yetu yameboreka. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na salfa ikipungua, moshi hupungua makali. La pili, wingu jeusi linalowaudhi watu barabarani ni la gari lisilotunzwa. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa: tazama chujio la hewa, nozeli, na kama kuna fundi aliyeifungulia pampu ili "gari lipate nguvu". Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe asubuhi ni mafuta yasiyoungua, mara nyingi hita plagi. Gari zima, likiwa na moto wake, halionyeshi moshi kwa macho kwenye mwendo wa kawaida, ingawa chembe ndogo bado zinatoka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Dizeli la zamani si gari la kwenda kazini kila siku katikati ya Dar au Nairobi, likinguruma kwenye foleni mbele ya daladala iliyofungua madirisha. Kwa hilo nunua kitu kidogo cha petroli au panda mwendokasi. Hili ni gari la barabara ndefu, la kwenda kijijini na kurudi. Wala usiliwashe likae nusu saa uani "lipate moto". Dizeli ikiwa kwenye sailensa haipati moto, inakusanya masizi, na majirani ndio wanaoyavuta. Washa, subiri presha ya oili ipande, ondoka polepole.

"Mafundi wake wamekufa"

Wazee wengi wa kazi hiyo wamestaafu, ni kweli. Lakini injini hii hufundishika, na nimeona ikifundishwa. Kazi yake kuu ni kuseti tapeti, kila kilomita 24,000, injini ikiwa baridi. Unafungua kava ya juu, unazungusha injini kwa mkono hadi ncha ya kemu iangalie juu, unapitisha fila geji ya milimita 0.10 kwa vavu ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutolea. Nati ziko mbili, moja juu ya nyingine, zote za spana namba 14. Unashika moja na kulegeza nyingine, unageuza kidogo, unafunga, unapima tena.

Kijana wa gereji niliyemkuta akijaribu kwa mara ya kwanza alikuwa amezoea magari ya kuunganisha kompyuta. Alibana vavu ya kwanza hadi fila geji ikakataa kutoka.

"Mzee, imekwama."

"Legeza robo, uvute. Isikie inakwaruza kidogo."

"Hii hapa?"

"Vuta tena. Inateleza, hiyo imelegea. Rudisha."

Ya tatu aliipata mwenyewe. Alipofika ya nane hakuniuliza kitu, na tulipoiwasha alisikia kwa masikio yake kwamba mgongano uliokuwepo jana haupo. Somo lote liliisha kabla ya adhana ya adhuhuri, na spana zilikuwa za kawaida.

"Litakukwamisha porini"

Gari lolote hukwama. Swali ni unakwama na nini. Dizeli hili halihitaji umeme likishawaka. Altaneta ikifa mchana unaendelea hadi mjini. Hata kuzima kwake ni kwa mvuto wa hewa, na bomba la mvuto huo likipasuka utageuza ufunguo na injini itaendelea kunguruma. Usiogope: fungua boneti, upande wa pampu kuna kishikio kimeandikwa STOP, kisukume hadi injini inyamaze.

Sababu kubwa ya kusimama njiani ni mafuta kutofika. Filta ziko mbili, ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani na kubwa ya chuma. Beba akiba ya zote mbili, pamoja na mkanda wa feni, mpira wa mafuta wa mita moja na spana namba 17. Gari likikosa nguvu kwenye mlima halafu likazima, badilisha filta. Kisha piga ile pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa pampu kubwa hadi uisikie ikizomea, maana yake mafuta yamefika. Legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, mwambie mwenzako apige starta, na utazame dizeli ikitoka na mapovu, kisha bila mapovu. Kaza nati moja baada ya nyingine. Itashika kwa silinda moja, mbili, halafu zote nne. Futa mikono, hakikisha hakuna bomba linalovuja, endelea na safari.